Bunduki Isiyoguswa na Mwanamke

Kaka yangu Barthélemy hajawahi kupiga bunduki maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu ukikutana naye kanisani Queensburgh, suti ya bluu, shingo imenyooka, atakusimulia jinsi alivyomwangusha nyati kule Fizi kabla hajaota ndevu, na kwamba huyo alikuwa nyati wa pili, wa kwanza alimsamehe. Watu wanamsikiliza. Sisi Wakongo wa Durban tunatoka kazini tumechoka, na mtu akitusimulia kitu tunakaa. Mimi huwa nakohoa tu.

Mimi ni Laurette, dada yake. Mwindaji wa kweli nyumbani kwetu alikuwa baba. Alikuwa na gobori la gumegume, ile bunduki ya zamani unayomimina baruti kwa mdomo wa mtutu na kuiwasha kwa cheche ya jiwe. Kila baba alipoitoa, Barthélemy alikimbilia nyuma ya jiko, akachuchumaa na kuziba masikio. Aliyebaki uani kumshikia baba pembe ya baruti ni mimi. Niliishika pembe ile mpaka nilipovunja ungo, ndipo mama akasema basi, sasa wewe ni mwanamke, na mwanamke hagusi bunduki, itakuwa bubu. Baba alicheka, lakini hakubishana naye.

Mdogo wetu wa kike wa mwisho alikufa akaacha mtoto mchanga, Larissa. Nilimchukua mimi. Nilivuka mipaka naye mgongoni, nikamlea hapa South Beach katika jengo ambalo lifti yake hupanda inapojisikia. Nimemsuka, nimemuuguza, nimemsomesha, na alipokua nikampa kiti katika saluni yangu pale Point, anapotengeneza kucha za watu mpaka wanatoka Umhlanga kumfuata. Miaka yote hiyo Barthélemy alikuwa Queensburgh, mwendo wa taxi moja, na tulimwona alipotaka kunyolewa bure.

Lakini siku Larissa aliposema ana mchumba, nani alipanda ngazi zangu akihema ndani ya suti ya bluu? Kwa ukoo wetu neno la binti si la aliyemlea. Ni la mjomba, kaka wa mama yake. Mjomba asiposema "chukueni," hakuna ndoa, hata bibi harusi awe ameshavaa na muziki unapigwa.

Huyo mchumba, Glody, anatengeneza simu katika kibanda cha ndani ya korido moja West Street. Sikuvutiwa naye, nisidanganye. Kijana mwembamba, mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Nilijiuliza mtoto wangu ameona nini pale. Hata hivyo nilikuwa tayari kumpokea, kwa sababu yule ambaye Barthélemy alitaka amwoe Larissa, rafiki yake Sébastien, ni mjane mwenye malori ya kuvuta magari yaliyoharibika, na amezoea kumwangalia mtu kama anapima kama ataingia kwenye lori.

Tulikaa sebuleni kwangu. Mzee Anicet, ambaye watu wa Fizi wote hapa Durban humtumia kama msemaji wa mambo ya posa, aliuliza mjomba anataka nini. Alitabasamu kwa sababu jibu lilijulikana. Zamani mjomba alipewa bunduki. Hapa Durban bunduki imegeuka kuwa suti, au mbuzi, au simu mpya, na kila mtu anakwenda nyumbani ameridhika.

"Bunduki," Barthélemy akasema.

"Ndiyo, Papa Barthélemy. Ni la forme tu, si bunduki ya kweli. Watakupa suti, ama..."

"Suti niko nayo. Minasema bunduki. Ya kweli, ya gumegume, kama ile ya papa. Mi ni mwindaji, quand même!"

"Hapa ni South Africa, papa. Iko sheria."

"Coutume haina passeport."

Lo, alivyoipenda sentensi ile, eti desturi haina pasipoti! Aliirudia, akaangalia kila uso kuona kama imeingia. Kisha akaweka masharti, kidole juu, kama anasoma amri mlimani.

"Musikie vizuri. Mwanamke hagusi. Akigusa, inakuwa bubu. Siku ya kuileta, mi mwenyewe nitaijaza na nitaipiga, mara moja tu. Mwenye kuisemesha, ule ndiye mwenye binti, ule ndiye atasema neno." Hapo akajipiga kifua, tusije tukadhani anamsema mtu mwingine. "Na ikikosa kusema, ule kijana arudi kwa simu zake, na mtu wa ukoo mwenye atakula chakula ya harusi yao, huyo hatumujue tena."

Glody aliinama, akasema, "Ndiyo, Tonton," kama vile ameshakuwa mjomba wake. Nilitamani kumrushia kikombe.

Walipoondoka nilimwambia Larissa aache upuuzi. Ofisi ya Home Affairs ipo, wino upo, waende watie sahihi, waishi. Alikuwa anakusanya glasi. Aliziweka chini.

"Tantine, ba-cliente kwa saluni wananiulizaka, mama yako ni nani, papa yako ni nani. Nazoea. Lakini siku ya kuolewa sitaki kutoka kama mtoto mwenye waliokota kwa njia. Nataka watu wangu wanitoe. Ama wanitoe, ama sitoke."

Alisema hivyo bila machozi, na mimi ninamjua, asipolia ndipo amekwisha kuamua. Basi yote yalining'inia pale, kwenye bunduki ambayo hakuna mtu Durban aliyejua inapatikana wapi, na kwenye mdomo wa mpumbavu mmoja.

Glody akarudi baada ya muda mfupi akiwa na simu mkononi na macho yanang'aa.

"Maman Laurette, nimeona kwa internet. Inakuja vipande vipande. Mtu anaiunga mwenyewe."

"Kama kabati?"

"Kama kabati."

Alieleza kwamba bunduki ya kujazwa kwa mdomo haihitaji leseni kama zile nyingine. Mtu hufanya mtihani, polisi wakampa cheti. Yeye ana makaratasi ya kukaa nchini moja kwa moja, kwa hiyo akaenda kusoma, akafanya mtihani, akapita. Hapo kidogo nilimwangalia upya. Kisha sanduku likaja kutoka ng'ambo, refu, la karatasi ngumu, na nikamwona alivyolifungua, nikarudi kwenye dharau yangu.

Ndani mlikuwa na mtutu mweupe wa chuma, mrefu kunizidi kiuno, haujapakwa kitu. Mlikuwa na mti wa bunduki, yaani ule mwili wa ubao kuanzia kitako hadi mbele, umechongwa nusunusu na kuachiwa wewe umalizie. Mlikuwa na mtambo wa kufyatulia wenye mdomo wa kubana jiwe, vipande vya shaba, skrubu, na mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi. Nilipouona mdeki nilinusa baruti ya baba, ingawa sandukuni hamkuwa na harufu yoyote ila ya gundi.

Glody alitandaza mkeka kwenye baraza yangu na kuanza. Mikono yake imezoea skrubu ndogo kama punje za mtama. Akataka kuulaza mtutu kwenye mfereji wa mti, ukakataa kuingia. Akachukua patasi. Nikamwambia, polepole. Akasema, ndiyo, Maman, polepole, na papo hapo kibanzi kikaruka kutoka kwenye ubao kikaenda kugonga dirisha. Aliomba radhi. Sijui alimwomba nani, mimi au ubao.

"Toka hapo," nikasema.

"Lakini Tonton alisema mwanamke hagusi."

"Tonton wako aliogopa hata kuku. Toka hapo, nenda jikoni, kaange samaki."

Akaenda, na sitamnyima haki yake: samaki alikuwa mzuri. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu saluni ikifungwa, yeye alipika, na mimi na Larissa tuliiunga bunduki. Kibanzi tulikibandika kwa gundi, ufa ukabaki mwembamba, unauona kama unajua pa kuangalia.

Shida ya mtutu ni hii. Lazima ukae ndani ya mti kila mahali sawasawa, usicheze, na huwezi kuona ni wapi ubao unazuia kwa sababu chuma kimefunika. Baba alikuwa anaupaka masizi ya chungu. Larissa alifikiri kidogo, akafungua mkoba wake, akatoa rangi ya mdomo, nyekundu iliyoiva, akaupaka mtutu upande wa chini kama anampaka bibi harusi. Tukaulaza, tukaubonyeza, tukaunyanyua. Pale ubao ulipokuwa umezidi palibaki alama nyekundu. Tukakwangua hapo tu. Tukapaka tena. Tuliendelea hivyo mpaka nyekundu ikatapakaa mfereji mzima na mtutu ukalala ndani kama mtoto aliyeshiba.

Msasa tulikuwa nao wa kila aina. Watu hawajui saluni ya kucha ina nini. Larissa aliulainisha ule mti kwa vifaa vyake vya kung'arishia kucha, kona kwa kona, akipuliza vumbi na kupapasa kwa kidole gumba kwa macho yaliyofumba. Shaba aliing'arisha mpaka nikaiona mikunjo yangu ya uso. Jiwe la gumegume halibanwi hivi hivi kwenye chuma, litateleza. Lazima ulizungushie ngozi. Nilikata kipande cha mkoba wangu wa zamani, ule niliovuka nao ziwa, na sikuuonea huruma.

Mtutu mweupe hauvutii, na tena mwangaza wake humstua mnyama. Mafundi huutia kutu makusudi, kutu nyembamba, wanaifuta, wanaitia tena, mpaka chuma kiwe na rangi ya kahawia isiyotoka. Kule ng'ambo, maelezo yalisema, watu wanajenga masanduku ya mvuke kwa kazi hiyo. Sisi tuliuziba kwa nta pande zote mbili, tukauning'iniza barazani. Upepo wa bahari wa South Beach umenilia madirisha, friji, baiskeli na vitasa vya milango, na kwa mara ya kwanza ulinifanyia jambo la maana. Ukipita asubuhi unaona kutu imechanua. Tulisugua kwa steel wool ya kusugulia sufuria, tukaurudisha. Mwisho ukawa na rangi ya kahawa yenye maziwa kidogo, na nikaukubali.

Mafuta ya kitani tuliusugulia mti kwa viganja vitupu, kidogo kidogo, mpaka ubao ukapata joto la mkono. Hapo ndipo nilipoacha kufikiri juu ya Barthélemy. Larissa alisugua upande wa kitako, mimi upande wa mbele, na nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeitegemea. Nakiri nilifurahi, na nilihuzunika papo hapo, kwa sababu kitu tulichokuwa tunakipendezesha ndicho kingemwondoa nyumbani kwangu.

Tulipofunga mtambo na kuufyatua mtupu, cheche ziliruka, nyeupe, nyingi. Glody alidondosha mwiko.

Mjini huwezi kupiga bunduki. Yule aliyemfundisha Glody ni mwanachama wa klabu ya watu wa bunduki za zamani, wenye uwanja wao shambani, ng'ambo ya Camperdown, na wakatukubalia Jumamosi moja. Basi jamaa zetu wakaenda huko, magari yamejaa, vitenge vipya, masufuria ya fufu na sombe ya majani ya muhogo na makayabu ya samaki wa chumvi, turubai likafungwa karibu na meza za kufyatulia. Msimamizi wa uwanja, mzungu mzee wa masharubu, alikuja na ndoo ya viziba masikio akaugawia ukoo mzima. Aliichukua bunduki, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye kiungo cha chuma na ubao, akauliza nani ameitengeneza. Glody akakohoa. "Familia," akasema.

Barthélemy alifika na Sébastien. Alikuwa amevaa koti la rangi ya majani lenye mifuko kila mahali, sijui amelitoa wapi, na kofia ya mwindaji. Kofia! Nilimwangalia Mzee Anicet, naye akaangalia masufuria.

Kazi yenyewe mtoto anaijua. Unamimina baruti mdomoni. Unaweka risasi iliyofungwa kitambaa. Unashindilia kwa mdeki. Kisha unatia baruti kidogo nje, kwenye kibakuli cha kando ya mtambo. Jiwe likitoa cheche, baruti ya kibakulini inawaka, moto unaingia kupitia tundu dogo ubavuni mwa mtutu, na kule ndani ndipo kishindo kinapozaliwa. Msimamizi alipima baruti ya ndani kwenye kikombe chembamba cha shaba, akakijaza, akamkabidhi.

Barthélemy alikishika kikombe mkononi, akawageukia watu.

"Papa yetu," akaanza, "alinifundisha hii kazi ningali mdogo. Siku ile ya nyati, minasikia majani iko nafanya kwaa, kwaa..."

Nyati akaja. Alikuja mzima, pembe na vumbi na msamaha wa yule wa kwanza. Ili aonyeshe pembe kwa mikono miwili, Barthélemy alikiweka kikombe juu ya meza. Alipomaliza, watu wakapiga makofi, akachukua risasi, akaisukuma mdomoni, akashindilia kwa nguvu nyingi na mbwembwe nyingi zaidi. Akatia baruti kibakulini. Akainua bunduki kuelekea tuta la udongo. Nilikuwa nyuma yake pembeni, nikaona uso wake. Alikuwa amefumba macho yote mawili na kugeuza kichwa upande, midomo imebana kama mtu anayechomwa sindano.

Akafyatua. Cheche, moto wa kibakulini, moshi mdogo ukapanda. Basi. Hakuna kilichofuata.

Akageuka nayo, mdomo wa bunduki ukatuangalia sisi sote. Wakina mama wa ukoo wakaanguka chini na vitenge vyao vipya. Msimamizi alifoka kwa Kiingereza, akaruka, akausukuma mtutu uelekee udongoni, na ikabidi tungoje, hakuna kusogea, mpaka aliporidhika kwamba hakuna moto uliolala ndani.

"Bubu!" Barthélemy akatangaza. Niliona furaha yake, hakuificha. "Nilisema mara moja. Imekataa." Akaitazama bunduki ili apate sababu, akaigeuzageuza, na kidole chake kikasimama kwenye mstari wa chuma na ubao, karibu na mtambo. Mafuta ya kitani yalikuwa yamekamua kitu kutoka ndani. Mstari mwembamba, mwekundu.

Akaupangusa kwa kidole. Akanusa. "Hii ni rouge! Rangi ya mdomo! Mwanamke amegusa hii kitu!"

Sébastien alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshinda. Larissa alisimama na mikono imening'inia, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto niliyembeba, siku ambazo hakukuwa na maziwa na alikuwa ameshaacha kulia kuyaomba.

Glody ndiye aliyetoka mbele. "Tonton, ni kweli. Mi nilinunua tu. Nilijaribu, nikaharibu. Wenye wameitengeneza ni wao wawili. Mi nilikuwa napika." Aliimaliza sentensi, mbele ya ukoo, mbele ya Sébastien, na safari hii hakuomba radhi. Nilielewa mtoto wangu alichokiona.

"Umejimaliza," Barthélemy akasema.

Mimi nilikuwa naangalia meza. Juu ya meza, kikombe cha shaba kilikuwa kimesimama palepale kilipowekwa. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Hili ni kosa la walevi. Baba alikuwa anacheka mpaka analia akisimulia wawindaji waliokunywa pombe, wakashindilia risasi bila baruti, wakamfyatulia nguruwe moshi wa kibakuli. Na huyu hakuwa hata na pombe ya kujitetea. Alilewa sauti yake.

"Kaka," nikasema, "ile iko juu ya meza ni nini?"

Aliangalia. Watu wote waliangalia. Msimamizi alikisogelea kikombe, akachungulia, na masharubu yake yakaanza kutetemeka. Shangazi mmoja akauliza, "Kumbe hakuweka?" na kicheko kikaanzia kwenye masufuria kikaja mbele, kikampita Mzee Anicet, ambaye alijifanya anapiga chafya.

"Haidhuru!" Barthélemy alipiga kelele. "Nilisema mara moja. Mara moja imeisha!"

"Mara moja yako imeisha, papa, kweli kabisa," Mzee Anicet akasema kwa adabu. "Lakini ulisema tena neno lingine. Mwenye kuisemesha ndiye mwenye binti. Ni neno lako?"

"Ni langu."

"Na bunduki ingali na risasi ndani. Basi nauliza ukoo. Iko mtu mwingine?"

Glody hakuweza, bwana harusi hajipi mke. Sébastien aliangalia viatu vyake. Ndipo Larissa akaenda kwa mjomba wake, akaichukua bunduki mikononi mwake bila kuomba, akaja nayo mpaka kwangu.

"Tantine," akasema.

"Mwanamke hagusi!"

"Ameshagusa, Papa Barthélemy," Mzee Anicet akamjibu. "Si wewe mwenyewe umetuonyesha rangi?"

Risasi iko ndani na baruti iko nje. Wengi hapo hukata tamaa. Lakini lile tundu la ubavuni ni mlango pia. Nilichomoa pini ya nywele kichwani. Nikachukua baruti laini, punje kwa punje, nikaisukuma tunduni kwa pini, nikaipigapiga bunduki ubavuni itelemke, nikasukuma tena, kama baba alivyofanya uani na mimi nimeshika pembe. Niliisukuma risasi kwa mdeki kuhakikisha imelala chini vizuri. Msimamizi alisimama karibu, mikono nyuma, akawa ananung'unika, "Yes. Yes. Sharp." Nikajaza kibakuli. Nikaweka kitako begani. Kilinikaa, kwa sababu tulikikwangua sisi.

Sikufumba macho.

Ilisema! Jamani, ilisema. Bega lilirudi nyuma, moshi mweupe ukanifunika uso, na kishindo kikaenda mpaka vilimani kikarudi. Niliponusa ile harufu nililia. Mimi, Laurette, nililia mbele ya watu kwa sauti, nikimlilia baba, na mdogo wangu aliyekufa, na miaka yote niliyofanya kazi ya mjomba bila kuitwa mjomba.

Moshi ulipoondoka wakina mama walikuwa wanapiga vigelegele. Nikamtafuta kaka yangu. Hakuwepo alipokuwa amesimama. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya sufuria kubwa ya sombe, kofia imeanguka, viganja vimebana masikio, na viziba masikio alivyopewa vilikuwa bado mfukoni mwa lile koti. Larissa alimwona. Sébastien alimwona. Nyati wote wawili, kama walikuwepo, walimwona.

"Mama," Mzee Anicet akaniambia, na hakuniita hivyo kabla ya siku ile. "Watu wa Glody wanangoja neno."

Nilidhani litatoka kwa urahisi. Nilikuwa nimelisema kichwani mara nyingi, kwa hasira, dhidi ya Barthélemy. Sasa hakuna aliyenizuia, na bado niliikumbatia bunduki kwanza. Larissa alikuwa ananiangalia. Nikaelewa kwa nini mjomba wa kweli hupewa bunduki; mtu hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu kutoka mahali kama pale.

"Chukueni," nikasema. "Chukueni, na Jumatatu mnirudishie, kuna kazi."

Wameoana. Wanakaa Umbilo, na Glody bado anapika. Mimi nilikwenda kusoma na kufanya mtihani wa polisi, katikati ya vijana, nikapata cheti, na bunduki ninayo kwenye sefu ya chuma chumbani kwangu. Jumapili mchana naitoa, naisugua mafuta kwa kiganja, naangalia ule ufa na ule mstari mwekundu, ambao sikuufuta.

Barthélemy bado anasimulia nyati. Siku hizi sihitaji kukohoa, maana mtu mwingine hukohoa kabla yangu. Jumapili iliyopita alipanda ngazi, lifti ilikuwa imelala, akakaa kwenye kochi na kuiangalia ikiwa mapajani mwangu. Alizunguka maneno, kanisa, mvua, bei ya mafuta. Mwisho akanyoosha mikono.

"Dada, nipe nishike kidogo tu. Nipige photo."

Niliendelea kusugua.

"Mwanaume hagusi, kaka," nikamwambia. "Itakuwa bubu."